Citra, Cascade au Saaz? Jua unacholipia

Menyu ya baa imeandika "Citra" kando ya bia na bei imeruka. Kabla utoe doo, sikia hii.

Hayo ni majina ya hopsi, maua ya mmea unaopanda kamba. Ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Uchungu hutoka kwa asidi za alfa, nazo zinahitaji kuchemshwa muda mrefu. Harufu nayo hutoroka na mvuke, ndiyo maana hopsi za harufu hutiwa mwishoni.

Saaz ni mkongwe wa Cheki. Asidi yake ni kama asilimia 3 hadi 5 tu. Ni mpole, ananukia majani na viungo, na ndiye roho ya pilsner. Cascade ilitolewa Oregon, Marekani, mwaka wa 1972. Inanukia balungi, asidi kama asilimia 5 hadi 7. Citra ndiyo kali: asilimia 11 hadi 13, na harufu ya ndimu na maembe.

Sasa shida iko hapa. Uchungu hudumu, lakini harufu hufifia haraka, hasa bia ikikaa penye joto. Ukinunua Citra iliyozeeka kwenye rafu, umelipia embe ukapewa maganda.

Kwa hivyo usiulize tu ni hopsi gani. Uliza bia ilipakiwa lini, na ilikaa kwa friji ama wapi. Mhudumu akibabaika, agiza ile ya bei nafuu. Mfuko ni wako, bana.