Imezimwa, imezimika au imezima?

Juma lililopita nilikuwa saiba moja ya Buxton, hapa njia ya kwendea daraja la Nyali. Kando yangu mama mmoja, karani wa zamani mwenye vidole vyepesi, alikuwa akiandika ombi la karo ya bintiye. Siku ya mwisho ya kulipeleka ilikuwa hiyo hiyo. Ghafla kioo kikawa cheusi, kisha kikarudi kuuliza nywila. Maandishi yote yakawa yamekwenda.

"Mwanangu, umeizima?"

"Wallahi sikuizima mie, mama. Imezima yenyewe."

Mwalimu wangu wa sarufi angemkosoa kijana huyo: "zima" huhitaji yambwa, basi sema "imezimika". Lakini kauli hiyo ya kutendeka humficha mtendaji, nami nilitaka kumjua. Nikamwuliza mama alibonyeza nini mwisho. Alikuwa akifuta neno zima kwa Ctrl na Backspace; kidole gumba kikaigusa Alt iliyo jirani.

Kumbe! Katika mashine nyingi za Linux za zamani, vitufe hivyo vitatu kwa pamoja viliua kipindi kizima cha kazi, bila swali. Ubuntu (jina hilo ni ndugu wa "utu" wetu) iliiondoa amri hiyo katika mipangilio yake ya kawaida mwaka 2009. openSUSE wao walitaka ubonyeze mara mbili, ya kwanza ikitoa mlio wa onyo. Hapo saiba mtu alikuwa ameirudisha.

David Bradley wa IBM aliliona tatizo hili mapema, miaka ya 1980 ikianza. Mkato wake wa kuiwasha upya kompyuta ulikuwa Ctrl, Alt na Esc, ambao mkono wa kushoto peke yake ungeweza kuubonyeza kwa bahati mbaya. Akaibadilisha Esc kwa Del, upande wa pili wa kibodi, ili mtu alazimike kukusudia. Linganisha na W na Q zilizokaa bega kwa bega: Ctrl na W hufunga ukurasa mmoja wa kivinjari, Ctrl na Q, katika baadhi ya vivinjari, hukifunga chote. Nasi kwa Kiswahili huita yote mawili "funga"!

Hapo ndipo watafsiri wa programu wanaponikera kidogo. "Zima" na "Toka" ni amri fupi, safi, lakini hazisemi kinachopotea. Dirisha la onyo likiandika "Kipindi kitafungwa", kauli ya kutendwa imemficha mtendaji tena, na kazi ya mtu haikutajwa hata. Mimi ningeandika: "Ukitoka sasa, utapoteza maandishi ambayo hujayahifadhi." Ni refu, ndiyo. Mama yule angelisoma.

Kijana aliiondoa ile amri, wala hakudai pesa za saa iliyopotea. Mama akaanza upya, safari hii akihifadhi kila aya. Saa kumi kasorobo alikuwa barabarani na bahasha mkononi, akiita tuktuk.