Friji la Mama, Mashine ya Keki na Hesabu ya LUKU

Baada ya arobaini ya mama tulikaa jikoni kwake, Ngamiani, Tanga, ndugu watatu na vyombo vinne mbele yetu: friji kubwa la mlango mmoja, mashine ya keki aina ya Kenwood Chef, mashine ya mkono ya kusagia nyama, na jiko la Primus la kupiga pampu. Kaka alitaka mnunuzi wa vyuma chakavu aitwe siku hiyo hiyo. Dada akasema hakitoki hata kijiko. Mimi niliwaomba wiki moja ya kupima na kuulizia bei. Mali ya mirathi ni ya warithi wote mpaka igawiwe, na huwezi kugawa kwa haki kitu ambacho hujui kinagharimu nini.

Wiki hiyo ilinifundisha kuacha kuuliza chombo kina miaka mingapi na kuuliza kinafanya kazi saa ngapi. Kinachokaa kwenye umeme usiku na mchana hukumu yake iko kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kinachowashwa dakika 20 kwa wiki, hukumu yake ni vipuri. Kisichokula umeme kabisa, hukumu yake ni mikono ya atakayekitumia.

Friji: bure inayolipiwa kila siku

Kipimo chake hakihitaji fundi. Nilizima kila kitu ndani ya nyumba, nikaandika uniti zilizobaki kwenye LUKU, nikaliacha friji peke yake kwa saa 24, kisha nikasoma tena. Lilikula uniti 3. Kwa mwezi ni uniti 90.

Mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za umeme vijijini (REA) na za mdhibiti (EWURA) inafika kama shilingi 356. Kwa hiyo friji la mama lilikuwa linakula shilingi 32,040 kwa mwezi, yaani 384,480 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inaweza kubaki kundi la D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Friji hilo peke yake lilitosha kuitoa nyumba kwenye nafuu hiyo.

Friji jipya la ukubwa wa kutosha familia ndogo niliambiwa shilingi 650,000. Kibandiko chake kilionyesha matumizi yasiyofika uniti 220 kwa mwaka, karibu uniti 18 kwa mwezi, sawa na shilingi 6,408. Tofauti ni zaidi ya 25,000 kila mwezi. Baada ya miezi 26 hivi friji jipya limejilipa.

Je, la zamani halitengenezeki? Kama kasoro ni mpira wa mlango, badilisha. Funga mlango ukiwa umebana noti. Ikivutika kwa urahisi, mpira umechoka na baridi inatoka. Kama kasoro ni gesi, soma kibao cha nyuma kwanza. Friji nyingi za kabla ya miaka ya 1990 zilijazwa R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiondoa hatua kwa hatua, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana nayo ifikapo 2010. Kuhamia gesi ya R134a kunataka kubadili mafuta ya kompresa na filta, si kujaza gesi tu. Ukiambiwa lijazwe R600a, kumbuka kwamba inashika moto kama gesi ya kupikia, na friji la zamani lina themostati na swichi ya taa zinazoweza kutoa cheche ndani yake. Tena, kujaza gesi bila kuziba panapovuja ni kumwaga fedha. Fundi alinitajia 120,000. Ningelipa, na friji lingeendelea kula uniti zake tatu.

Mashine ya keki: hapa lipa fundi

Kenneth Wood aliitoa Kenwood Chef huko Uingereza mwaka 1950, na umbo lake maarufu la mistari iliyonyooka lilichorwa na Kenneth Grange mnamo 1960. Ni mashine za chuma zilizotengenezwa zifunguliwe na zitengenezwe. Ya mama ilikuwa imekaa kabatini tangu siku ilipotoa moshi, na kila mtu aliamini mota imeungua.

Mara nyingi si mota. Kwenye mashine hizi, kapasita za sehemu inayoongoza mwendo huzeeka, hupasuka na kutoa moshi unaotisha, na kapasita ni kipuri cha bei ndogo. Fundi alibadilisha kapasita, akakagua brashi za kaboni, akaondoa waya wa zamani uliokakamaa na kuweka mpya wenye plagi ya pini tatu. Gharama yote ilikuwa shilingi 35,000. Dukani, mashine mpya ya nguvu inayolingana ilizidi milioni moja. Ya 280,000 ilikuwa na gia za plastiki.

Umeme wake? Mashine ya wati 450 ikifanya kazi dakika 20 hutumia uniti 0.15, kama shilingi 53. Friji lile lilikuwa linakula shilingi 1,068 kwa siku. Mashine ya keki ingeweza kuchapa keki 20 kwa gharama ya siku moja ya friji.

Onyo moja: vyombo vya zamani kutoka Uingereza huwa na nyaya za rangi ambazo si za leo. Nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Fundi asiyejua hilo akikosea, mtu anapigwa shoti. 

Mashine ya nyama na Primus

Mashine ya kusagia nyama haina cha kuhesabiwa kwenye LUKU. Tazama namba iliyochorwa ubavuni: 5, 8, 10 au 22. Hiyo ndiyo saizi ya sahani na kisu, na kwa namba za kawaida vipuri vyake bado vinauzwa. Kisu kikinolewa, inarudi kazini. Osha kwa mkono, kausha hapo hapo, paka mafuta ya kula. Kama rangi yake ya bati imebanduka na kutu imeingia ndani, usisagie nyama tena.

Primus, jiko lililoanza Sweden mwaka 1892, linapendeza kwa macho. Lakini washa ya ngozi ya pampu yake hukauka, na jiko lenye shinikizo la mafuta si la kujaribia ndani ya nyumba. Mafuta ya taa nayo yalipanda baada ya serikali kuongeza ushuru wake mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Kabla ya kuliuza kwa kilo, waulize kwanza wanaonunua vitu vya kale. Shaba iliyokamilika kama jiko huweza kuwa na bei kubwa kuliko shaba iliyopondwa.

Tulivyogawana

Tuliandika thamani ya kila chombo, tukakubaliana kwamba anayekichukua hukatwa thamani hiyo katika fungu lake. Dada, anayeoka keki za harusi, alichukua mashine ya keki kwa bei iliyojumuisha gharama ya fundi. Kaka alichukua ya nyama. Mimi nilichukua Primus, na limekaa rafuni bila mafuta.

Friji lilikwenda kwa chakavu, baada ya mambo mawili ambayo nawasihi msiyaache. Kwanza, mnunuzi asikate mirija uani na kuachia gesi hewani. Itolewe na fundi mwenye mtungi wa kuikusanyia. Pili, ng'oeni mlango kabla friji halijatoka ndani. Friji za zamani zenye kitasa hujifunga kwa nje, na watoto waliojificha humo wamekufa kwa kukosa hewa. Kwa sababu hiyo Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji lazima ufunguke kwa ndani.

Dada alisimama uani akiwaangalia wakilipakia kwenye mkokoteni. Kabla halijaondoka alichomoa zile rafu mbili za waya, na mpaka leo anaanikia vyombo juu yake.