Miwani ya Kuogelea: Itunzwe Kama Silaha

Kila askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza kambini kwamba bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe. Je, ni wangapi kati yetu waitazamao kwa jicho hilo hilo miwani ya kuogelea? Kwa ndugu zetu wanajeshi na polisi walioko kando ya Ziwa Tanganyika, toka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, swali hili si la mchezo. Mtumbwi wa wavuvi wa ndagala upinduliwapo na mawimbi, ajitosaye kuokoa hana nafasi ya kufuta ukungu.

Ziwa hili, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, lina maji maangavu sana. Hata hivyo maji hayo yana madini na asili ya magadi. Yakikaukia juu ya kioo huacha madoa meupe. Kwa hiyo, mara utokapo majini, suuza miwani kwa maji safi ya baridi. Usiifute kabla ya kuisuuza, kwani punje moja ya mchanga yatosha kukikwaruza kioo cha plastiki.

Upande wa ndani usiguswe kwa kidole wala kwa kitambaa. Ukungu hutokea pale mvuke wa joto la uso unapokutana na kioo kilichopozwa na maji, na miwani mingi hupakwa dawa ya kuuzuia. Dawa hiyo ikisuguliwa huondoka. Rumonge ni nchi ya michikichi, na mikono yenye mawese haikosekani, ioshe kwanza. Miwani ikishika mafuta, tone la sabuni laini latosha, kisha isuuzwe sana. Sabuni kali ya kufulia tuiachie nguo.

Ianikwe kivulini, si juani wala karibu na injini ya boti, kwa maana joto hupinda kioo na kuchakaza mpira. Ikishakauka itiwe katika mfuko wake. Tena, tusiazimane ovyo: ugonjwa wa macho mekundu huenea upesi penye watu wengi, na kambi ni mahali pa watu wengi.

Hatuna budi kutoa onyo pia. Miwani hii ni ya kuogelea juu ya maji, si ya kuzamia. Ufikapo chini mita kama kumi, mgandamizo huwa takriban mara mbili ya ule wa juu. Na kwa kuwa miwani haifuniki pua, mzamiaji hawezi kupuliza hewa ndani yake, ikambana macho hadi mishipa ya damu ipasuke. Kazi ya kuzama yataka barakoa ifunikayo pua. Wala miwani haizuii kichocho, kwani kichocho hupenya ngozini.

Kazi yote hii haizidi dakika tano. Kitunze kidumu, wahenga walisema. Na siku mtu atakapopiga kelele ziwani, macho yako yatakuwa tayari.