TIKETI YA MSIMU: SOKO AMBALO BEI HAIPANDI

Zipo bidhaa chache zinazooza upesi kama tiketi ya mpira. Nyanya za Ilula zikikosa mnunuzi leo, kesho utaziuza kwa nusu bei na utaambulia nauli. Tiketi ya Arsenal, refa akishapuliza kipyenga cha kuanza, haina bei tena. Safu hii wiki hii inaangalia jinsi klabu za Uingereza zinavyoshughulikia mali hiyo inayoharibika, kwani ndani yake kuna hesabu inayomhusu kila anayelipia bidhaa kabla ya kuitumia.

Uwanja wa Emirates wa jijini London una viti 60,704. Sehemu kubwa ya viti hivyo imeshikwa na wenye tiketi za msimu, ambao hulipa mapema kwa mechi zote 19 za nyumbani za Ligi Kuu. Lakini mtu huugua, husafiri, huwa na harusi, na televisheni nayo huhamisha mechi kutoka Jumamosi mchana hadi Jumatatu usiku. Kiti kimelipiwa, mwenyewe hayupo.

Hapo ndipo soko rasmi la klabu linapoingia. Mwenye kiti hufungua akaunti yake na kukirudisha kiti kwa mechi hiyo moja. Tiketi yake hufungwa isimfungulie geti, na klabu humuuzia mwanachama mwingine. Kiti kikinunuliwa, muuzaji huandikiwa fedha zake. Kisiponunuliwa, hasara ni yake.

Mfanyabiashara wa Kariakoo atauliza: bei je? Bei haipandi. Wiki ya Arsenal na Tottenham, wateja wakiwa wengi kuliko viti, muuzaji hapati hata senti moja zaidi ya thamani ya kiti chake. Kwa macho ya soko huria hili ni jambo la ajabu, na sababu yake si uchumi, ni sheria. Kifungu cha 166 cha sheria ya jinai ya Uingereza ya mwaka 1994 kinakataza mtu asiye na kibali cha waandaaji kuuza tiketi ya mechi katika England na Wales. Lengo lilikuwa usalama: mlanguzi akiuza ovyo, shabiki wa timu pinzani hujikuta amekaa katikati ya wenyeji. Kwa hiyo hata ukiuza mtaani kwa bei ileile uliyonunulia, bado ni kosa. Mwaka 2006 sheria ikaongezwa makali ili ibane pia matangazo ya mauzo, yakiwamo ya kwenye intaneti.

Sasa tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tiketi ya msimu ya pauni 950 kwa mechi 19 ni pauni 50 kwa mechi. Ukikosa mechi sita bila kurudisha kiti, mechi 13 ulizohudhuria zimekugharimu pauni 73 kila moja. Ukirudisha zote sita na nne zikauzwa, umeokoa pauni 200, na gharama inashuka hadi karibu pauni 58. Hiyo si faida, ni kupunguza hasara, na anayenunua tiketi ya msimu akidhani ni hisa atazinduka vibaya.

Tumesema nne, si sita, kwa makusudi. Klabu nyingi hazifungui dirisha hili mpaka ziuze kwanza shehena yao wenyewe. Kwa mechi kubwa viti huondoka mara moja. Mechi ya kombe dhidi ya timu ya daraja la chini, usiku wa baridi, ni shughuli nyingine. Foleni ya wauzaji huwa ndefu kuliko ya wanunuzi. Anayerudisha kiti mapema ana nafasi nzuri kuliko anayengoja asubuhi ya mechi.

Mshindi asiyekosa ni klabu. Baadhi ya klabu humlipa muuzaji sehemu ya tiketi ya msimu iliyogawanywa kwa idadi ya mechi, huku mnunuzi akitozwa bei kamili ya mechi hiyo, ambayo aghalabu ni kubwa zaidi. Tofauti hubaki ofisini. Kiti kilichojaa pia hununua chakula na vinywaji, jambo ambalo kiti kitupu hakilifanyi. Si ajabu basi kwamba Arsenal ni miongoni mwa klabu zinazomdai mwenye tiketi ya msimu akitumie kiti chake au akirudishe kwa njia rasmi kwa idadi fulani ya mechi, la sivyo anaweza kukipoteza.

Wengine wamejaribu kuachia bei. Schalke ya Ujerumani iliingia mkataba na kampuni ya Viagogo, mashabiki wakaja juu, na Julai 2013 klabu ikauvunja. FIFA haikutishika: kwa Kombe la Dunia la 2026 iliweka soko lake lenyewe la kuuza tena, ikimkata muuzaji asilimia 15 na kumtoza mnunuzi asilimia 15 nyingine. Tiketi ikiuzwa dola 400, mnunuzi anatoa 460, muuzaji anapokea 340, na dola 120 zinaingia kwa FIFA, ambayo tiketi hiyohiyo ilikwisha kuiuza mara ya kwanza. Mlanguzi gani wa getini amewahi kupata masharti mazuri namna hiyo?

Kwa msomaji anayesafiri London kufuata bidhaa na angependa kuona mechi: ili kununua katika soko rasmi, kwa kawaida ni lazima uwe mwanachama wa klabu, na tiketi huingia kwenye simu yako. Ada ya uanachama iingize katika gharama tangu mwanzo. Anayekuuzia pembeni ya uwanja anavunja sheria, na klabu ikiigundua tiketi hiyo inaweza kuifuta hata kama umeilipia mara tatu. Viti vya kurudishwa huonekana kwa wingi siku mbili tatu kabla ya mechi, wenye navyo wanapojua kwamba hawatakwenda.