Vali za Moyo na Mwelekeo wa Damu

Moyo wa mtu mzima, ambao kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya gramu 250 na 350, umekaa kifuani baina ya mapafu mawili, nyuma ya mfupa wa kidari na juu ya kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Sehemu yake kubwa iko kushoto kwa mstari wa katikati ya mwili, na ncha yake ya chini imeelekea mbele na kushoto, kiasi kwamba kwa watu wengi pigo lake huhisika kwa vidole katika nafasi iliyo kati ya ubavu wa tano na wa sita. Umevikwa mfuko wa tando uitwao perikadiamu, wenye majimaji kidogo yanayouwezesha kujikunja na kutanuka bila kukwaruzana na viungo vya jirani. Ndani ya mfuko huo kuna ukuta ambao karibu wote ni msuli wa aina isiyopatikana penginepo mwilini. Maelezo mengi ya moyo huishia kuusifu msuli huo, nao unastahili sifa, kwa kuwa hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Lakini msuli unaojikunja huibana damu tu, hauichagulii upande wa kwenda. Kazi ya kuichagulia damu upande imeachiwa vali nne, ambazo wauguzi na wagonjwa wamezoea kuziita milango ya moyo, na umbile la moyo mzima hueleweka vizuri zaidi likisomwa kuanzia hapo.

Vyumba vya moyo ni vinne. Viwili vya juu, vyenye kuta nyembamba, huitwa atiria na huipokea damu irudiyo. Viwili vya chini, vyenye kuta nene, huitwa ventrikali na huisukuma. Damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake mwilini huingia katika atiria ya kulia kwa mishipa miwili mikubwa: vena kuu ya juu, inayokusanya damu ya kichwa, shingo na mikono, na vena kuu ya chini, inayokusanya damu ya miguu na ya viungo vya tumbo. Kutoka hapo hupita vali ya trikaspidi, yenye vipande vitatu, ikaingia ventrikali ya kulia, ambayo huisukuma kupitia vali ya ateri ya mapafu hadi mapafuni. Ikishachukua oksijeni na kuacha kaboni dioksidi, hurejea katika atiria ya kushoto kwa vena za mapafu, ambazo kwa kawaida ni nne, ikapita vali ya mitrali yenye vipande viwili, ikaingia ventrikali ya kushoto, kisha ikatoka kwa vali ya aota na kuingia katika aota yenyewe, ateri kubwa kuliko zote. Ateri ya mapafu, basi, hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni ilhali vena za mapafu hubeba damu iliyojaa oksijeni, jambo linalowatatiza wanafunzi wengi. Mshipa huitwa ateri kwa sababu huondoa damu moyoni na huitwa vena kwa sababu huirudisha, bila kujali damu hiyo imebeba nini.

Pande mbili za moyo hupitisha kiasi kile kile cha damu, takriban mililita 70 kwa kila pigo na lita 5 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, lakini mzigo wao haulingani. Mapafu yako karibu na mishipa yake haina ukinzani mkubwa, kwa hiyo ventrikali ya kulia hutosheka na shinikizo la kama milimita 25 za zebaki. Ile ya kushoto, inayopaswa kuifikisha damu ubongoni na vidoleni, hufikia takriban 120. Kwa sababu hiyo ukuta wake ni mnene karibu mara tatu kuliko wa mwenzake, na vali zake mbili, mitrali na aota, hufanya kazi chini ya mkazo mkubwa zaidi maisha yote.

Vali ya mitrali inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni tando mbili nyembamba, wa mbele ukiwa mrefu zaidi na wa nyuma ukiwa mfupi lakini wenye kushika sehemu kubwa zaidi ya mzingo, zilizoshikizwa kwenye pete ya tishu ngumu iliyo kati ya atiria na ventrikali; kwa mtu mzima mwenye afya, tundu lake likifunguka lote huwa na eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Kwenye kingo za tando hizo zimeshikizwa nyuzi nyeupe za kano, nyembamba na imara, zinazoteremka hadi kwenye misuli miwili midogo iliyochomoza kutoka ukuta wa ventrikali. Ventrikali inapojikunja, damu huzisukuma tando hizo kutoka chini mpaka zikakutana, na nyuzi huzizuia zisipinduke kuelekea atiria, mithili ya kamba zinazolishika tanga la jahazi lisichukuliwe na upepo ule ule unaolijaza. Vali haina msuli wake wa kuifunga wala neva ya kuiamrisha: hufunguka shinikizo la atiria likizidi la ventrikali, na hufunga hali hiyo inapogeuka. Ile misuli midogo nayo hujikunja pamoja na ukuta, ili nyuzi zisilegee kadiri chumba kinavyopungua. Kufunga kwa vali moja hutegemea tando, pete, nyuzi, misuli hiyo na ukuta wenyewe, na kasoro katika kimojawapo huweza kuifanya ivuje.

Hutegemea pia wakati. Pigo huanzia katika fundo dogo la seli lililo juu ya atiria ya kulia, karibu na mahali vena kuu ya juu inapoingia, fundo ambalo Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walilieleza mwaka 1907. Msisimko wa umeme unaotoka hapo husambaa katika atiria zote mbili, lakini hauwezi kuvuka tu kuingia ventrikali, kwa sababu pete za vali zimeungana kuwa kiunzi cha tishu kisichopitisha umeme. Njia ya kuvukia ni fundo la pili, lililoelezwa mwaka 1906 na Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Ujerumani, na hapo msisimko huchelewa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaozitosha atiria kumalizia kumimina damu yao. Daktari anayeweka stethoskopu kifuani husikia sauti mbili: ya kwanza hutokea vali za mitrali na trikaspidi zinapofunga, ya pili hutokea vali za aota na ateri ya mapafu zinapofunga. Mvumo unaosikika baina ya sauti hizo unaweza kuashiria kwamba damu inapenya tundu lililobana au inavuja kurudi ilikotoka.

Elimu ya mzunguko huu ilichukua karne nyingi kukamilika, na vali zilikuwa na sehemu kubwa katika kukamilika huko. Galen, tabibu wa enzi ya Warumi, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka ventrikali ya kulia hadi ya kushoto kupitia vitundu vidogo katika ukuta ulio kati yao. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Kairo na kufariki mwaka 1288, aliandika kwamba ukuta huo ni mzito na hauna vitundu, na kwamba damu haina budi kupitia mapafuni. Mwaka 1603 Girolamo Fabrici wa Padua, Italia, alichapisha maelezo ya vali ndogo zilizomo ndani ya vena, akidhani kwamba zinaipunguza kasi damu inayotoka moyoni ili isijazane miguuni na mikononi. Mwanafunzi wake, William Harvey, alitambua kwamba vali hizo zote huachia njia ya kuelekea moyoni tu. Akakadiria pia kwamba damu inayotoka moyoni katika nusu saa ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, na kwa hiyo haina budi kuwa ile ile inayorudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1628. Alichokosa ni kiungo baina ya ateri na vena, yaani kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja, ambayo Marcello Malpighi aliiona kwa hadubini katika mapafu ya chura mwaka 1661.

Aota, yenye kipenyo cha kama sentimita 3 inapoanzia, hupanda kidogo, hujipinda kuelekea nyuma na kushoto, na katika pindo hilo hutoa matawi matatu yanayolisha kichwa, shingo na mikono. Kisha huteremka mbele ya uti wa mgongo, hupenya kiwambo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili kwa ajili ya nyonga na miguu. Ukuta wake umejaa nyuzi zinazonyumbuka: hutanuka pigo linapoingia na hurudi moyo unapotulia, hivyo damu huendelea kusonga hata kati ya pigo na pigo. Wakati huo huo moyo wenyewe hupata riziki yake, kwa kuwa ateri mbili zinazoulisha huchomoza mwanzoni kabisa mwa aota, juu kidogo ya vali yake, na ile ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake ukuta wa moyo ukiwa umelegea, kwani ukijikunja huibana mishipa iliyomo ndani yake. Bonge la damu likiiziba mojawapo ya ateri hizo, sehemu ya msuli inayoitegemea huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Mtoto aliye tumboni hupata oksijeni kutoka kwenye kondo, na mapafu yake hayajaanza kazi, kwa hiyo mwili wake una njia mbili za mkato. Moja ni tundu katika ukuta kati ya atiria mbili, lenye kipande cha utando kinachoruhusu damu kupita kutoka kulia kwenda kushoto tu. Nyingine ni mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Mtoto akivuta pumzi za kwanza, shinikizo la upande wa kushoto huzidi la kulia na utando huo huufunga mlango wake, na katika siku zinazofuata mshipa ule husinyaa. Mahali palipokuwa na tundu hubaki bonde dogo lenye ukuta mwembamba, na kwa kama mtu mmoja katika kila wanne tundu haliungani kabisa, mara nyingi bila madhara yoyote.

Katika Afrika Mashariki, kama katika nchi nyingi ambako familia huishi kwa msongamano na zahanati ziko mbali, vali huharibiwa mara nyingi na maradhi yanayoanzia kooni. Mtoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, huumwa mafindofindo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka wa kundi A. Asipotibiwa, wiki mbili hadi nne baadaye huweza kupatwa na homa ya rumatiki, ambayo huvimbisha maungio na kuushambulia moyo, kwa sababu kinga ya mwili iliyoandaliwa dhidi ya bakteria hao huzishambulia tishu za mwili zinazofanana nao. Maungio hupona; vali huweza kubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Mitrali huathirika kuliko zote, ikifuatiwa na ya aota. Kingo za tando zake hushikamana, nyuzi za kano hunenepa na kufupika, na tundu huendelea kubana mpaka hali huhesabiwa kuwa kali linapofikia sentimita ya mraba 1.5 au chini ya hapo. Damu isiyopata njia hujazana katika atiria ya kushoto na kurudisha shinikizo mapafuni, na mgonjwa hukosa pumzi akipanda ngazi, baadaye hata akilala chali. Atiria iliyotanuka hupoteza mpangilio wa mapigo, damu huganda katika pembe zake, na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Kwa wanawake wengi ugonjwa hujulikana katika ujauzito, kipindi ambacho damu ya mwili huweza kuongezeka kwa karibu nusu huku tundu likibaki lile lile.

Ugonjwa mwingine, ambao historia yake imefungamana na Kampala, huiharibu vali kwa kuanzia chini yake. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mwanapatholojia aliyefanya kazi Mulago, alieleza hali ya wagonjwa ambao ventrikali zao zilikuwa zimezibwa nchani na kovu nene lililotandaa juu ya utando wa ndani. Kovu hilo huinasa ile misuli midogo na nyuzi zake, na vali huvuja kwa sababu tu inavutwa chini isipate kukutanisha tando zake, huku atiria iliyo juu ikitanuka kupita kiasi. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa hadi leo, na jambo hilo linauma, kwa kuwa walioathirika zaidi ni watoto na vijana wa vijiji maskini vya ukanda wa joto.

Mitrali iliyobana sasa huweza kupanuliwa bila kufungua kifua, kwa njia iliyobuniwa na Kanji Inoue wa Japani na kutumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mrija mwembamba huingizwa katika vena ya paja karibu na kinena, hupandishwa kwa vena kuu ya chini hadi atiria ya kulia, na hapo hutoboa lile bonde jembamba lililoachwa na tundu la tumboni, ukaingia atiria ya kushoto. Puto lililo nchani mwake hupitishwa katikati ya vali na kujazwa kwa sekunde chache, na kingo zilizoshikamana huachana. Njia hii haifai pale tando zilipokakamaa kwa chokaa, vali inapovuja sana, au bonge la damu linapoonekana katika atiria. Wagonjwa hao huhitaji upasuaji, na anayewekewa vali ya chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupima damu mara kwa mara, jambo gumu kwa anayeishi mbali na maabara. Kwa aliyewahi kuugua homa ya rumatiki, awe amepanuliwa vali au amebadilishiwa, sindano ya penisilini ya benzathini ya kila baada ya wiki tatu au nne huendelea kwa miaka mingi, kwa sababu bakteria wale wale wakirudi kooni huweza kuliamsha upya shambulio dhidi ya vali zilizobaki.