Udongo wa Mfinyanzi Uliokwisha Kuteleza: Tahadhari Kabla ya Kuchimba

Wakazi wa maeneo ya mbuga wanaufahamu vyema udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hukauka, ukawa mgumu kama jiwe na kupasuka nyufa. Mvua zikinyesha hufyonza maji, huvimba na kunata. Lisilofahamika sana ni kwamba ugumu huo wa kiangazi waweza kuficha udhaifu ulio ndani yake.

Udongo unapovimba, tabaka za chini hukosa nafasi ya kutanuka, hivyo mabonge husukumana na kuteleza moja juu ya jingine. Msimu baada ya msimu, chembe bapa za mfinyanzi hulazwa upande mmoja, na palipoteleza hubaki uso laini unaong'aa, mara nyingi wenye mikwaruzo. Nyuso za namna hiyo hupatikana pia katika miteremko iliyowahi kuporomoka zamani.

Nguvu ya udongo hutokana na jinsi chembe zake zinavyoshikamana na kusuguana. Penye uso uliokwisha kuteleza, mshikamano huo karibu wote umetoweka na msuguano umepungua. Ndiyo maana bonge dogo likipimwa laweza kuonekana imara, ilhali ardhi lilikotoka ni dhaifu. Mwaka 1984, tuta la bwawa la Carsington, nchini Uingereza, liliporomoka likikaribia kukamilika. Miongoni mwa sababu ni nyuso za kale za mtelezo zilizokuwa katika mfinyanzi wa njano chini ya tuta.

Kwa mkazi wa kata, hatari hujitokeza anapochimba msingi au shimo la choo, au anapokata mteremko ili apate kiwanja. Ukuta wa shimo uliosimama wima asubuhi waweza kumwangukia mchimbaji mchana, hasa maji yakipenya katika nyufa.

Kila bonge kubwa linalochimbuliwa livunjwe kwa mkono. Likiachana kwa urahisi penye uso laini unaong'aa, kazi isimamishwe. Mtu asiingie katika shimo lenye kina ambalo kuta zake hazijaegemezwa kwa mbao. Udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni, na maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi.

Kabla ya kuanza ujenzi, mwananchi anashauriwa kufika ofisi ya mtendaji wa kata ili aunganishwe na mhandisi wa Halmashauri. Ardhi hukaguliwa kwa urahisi zaidi kabla ya zege kumwagwa.