Maji ya Nakuru, meno ya watoto na hukumu ya chujio la mifupa

UISLAMU humhimiza muumini ajikinge na maradhi kabla hayajamfika: atawadhe kwa maji safi, apige mswaki, afunike vyombo vya maji, wala asijisaidie katika maji yaliyotuama. Mafunzo hayo husaidia kuzuia kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, katika Nakuru na viunga vyake maji yana dhara jingine lisiloonekana kwa macho.

Dhara hilo ni madini ya floraidi, ambayo maji ya visima virefu huyabeba kutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hupita kiwango hicho. Mtoto anayeyanywa maji hayo katika miaka minane ya kwanza, meno yake ya kudumu yanapojiunda, huota meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Yakinywewa kwa miaka mingi, mifupa nayo huweza kudhurika. Kuyachemsha hakufai: maji hupungua, floraidi ikabaki.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeeneza chujio lenye makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri, na makaa yake huinasa floraidi maji yanapopita. Hapo Muislamu huuliza: je, maji hayo ni tohara?

Jibu hutegemea jinsi mnyama alivyokufa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mfupa wa mnyama aliyechinjwa kisharia ni tohara. Wa mzoga ni najisi, na kuuchoma hakuutoharishi. Wanazuoni wa Hanafi huuhesabu mfupa mkavu wa mzoga kuwa tohara, isipokuwa wa nguruwe.

Basi mzazi asilitupe chujio kwa shaka tupu. Na amuulize mtengenezaji mifupa ilikotoka. Ikiwa ni ya kichinjio wanakochinja Waislamu, kama ilivyo desturi katika vichinjio vingi nchini, shaka imeondoka. Asiyeridhika amwendee sheikh wake, na wakati huo akinge maji ya mvua, ambayo floraidi yake ni haba mno. Lakini kumnywesha mtoto maji ya kisima yanayojulikana kuwa na madhara, kwa kuhofia najisi isiyothibitishwa, hakuafikiani na dini iliyokataza kudhuru na kudhuriana.